Samaki wa Katarina

Kila Jumanne Nikodemu, mhudumu wa afya wa kijiji cha Kikole, alipita nyumba kwa nyumba akipiga picha sahani za watoto dhaifu. Simu yake ilikadiria lishe iliyomo, na mtoto aliyepungukiwa aliendelea kupewa unga wa lishe.

Genoveva aliona haya kumwonyesha mgeni ugali mtupu. Kwa hiyo kila Jumanne aliazima samaki wa kukaanga kwa jirani yake, Katarina, akamweka kwenye sahani ya Flora, bintiye wa miaka miwili. Picha ikishapigwa, samaki alirudishwa akiwa mzima.

Jumanne ya tano Nikodemu alikuja mikono mitupu.

“Hongera, mama Flora! Simu inasema mwanao anakula kuliko hata mimi. Ametolewa kwenye orodha ya unga.”

Genoveva aliketi chini.

“Kaka, yule samaki ni wa Katarina. Flora hajamwonja hata siku moja.”

“Wiki zote nne?”

“Ningekuwekea ugali peke yake, ukapige picha ukawaonyeshe watu?”

Wiki zote hizo Nikodemu alikuwa ameinamia sahani, hakumtazama mtoto. Sasa alichuchumaa, akabonyeza juu ya mguu wa Flora uliovimba kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki kwenye ngozi, wala halikujaa: dalili ya utapiamlo mkali.

“Mbebe,” alisema taratibu. “Tunakwenda hospitali sasa hivi.”

Flora hakulia alipoinuliwa. Kwa siku tatu hakuwa amelia.