Kinyonga Aliyeitwa Didas

Kinyonga mwenyewe hakuzidi kidole cha mwisho cha mkono wa Avelina, na juu ya kidude hicho ndiko uhai wa mwanawe ulikotundikwa. Kinyonga akila, Jovina anakula. Asipokula, Jovina hufumba mdomo, hugeukia ukutani, na hata umpigie magoti hafungui. Na tangu jana kinyonga hakugusa kitu.

"Mama, Didas hajala," Jovina alisema kutoka kitandani.

Didas alikuwa kaka yake Jovina, na alikuwa makaburini tangu masika yalipoanza. Kuhara damu kulimchukua upesi, hata padri hakuwahi kufika. Siku ya mazishi Jovina alifichwa kwa jirani. Aliporudi akauliza kaka yuko wapi, Avelina akampa jibu ambalo watu wazima hulipenda kwa sababu linawaponya wao wenyewe kwanza: "Amesafiri. Amekwenda Bukoba kwa bibi. Atarudi."

Basi mtoto akangoja. Akangoja mlangoni mpaka chakula kikapoa, kisha akaacha kula kabisa, mbavu zikaanza kuonekana. Zahanati walimpa dawa ya chupa, wakasema bila chakula dawa ni maji matupu. Mauti yalikuwa yamekwisha kuijua njia ya nyumba ile, na Avelina aliyasikia yakirudi. Ndipo asubuhi moja baada ya mvua Jovina akaingia na kinyonga mchanga kiganjani, amemtoa kwenye ua wa michongoma, uso unamng'aa.

"Mama, Didas karudi! Kachelewa kwa sababu anatembea polepole."

Akaomba uji, wake na wa kaka yake. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Avelina alikaa chini akalia, kisha akakoroga uji.

Na msidhani Avelina alikuwa mpenda vinyonga. Kwao Kiziba, huko Bukoba, alilelewa kumkimbia mdudu huyo kama unavyokimbia moto. Hapa Temeke, walikohamia baada ya mumewe Apolinari kupata ukarani bandarini, hofu ilikuwa ile ile. Bi Mauwa, jirani wa ukuta mmoja, mtu wa Kilwa mwenye moyo mweupe na mdomo usio na kufuli, aliacha hata kuja kuomba moto. Alisimama mbali, kanga kaivuta mdomoni.

"Mama Didas, mwenzangu, umepatwa na nini? Mdudu yule akikushika haachii mpaka radi ipige!"

"Mwanangu anakula, Bi Mauwa."

"Haya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini mie humo sikanyagi."

Siku za kwanza kinyonga alikaa uani, kwenye tawi la mpera lililosimamishwa ndani ya kopo la samli lenye mchanga, na alijitafutia mwenyewe. Lakini kunguru wakamwona. Mmoja alishuka mpaka juu ya kopo, na laiti Avelina asingekuwa karibu na mwiko mkononi, mambo yangeishia hapo. Akamwingiza ndani, akamweka mezani sebuleni, karibu na dirisha, akadhani amemwokoa.

Kumbe amemtia njaani. Nyumba ile haikuwa na nzi hata wa dawa. Walipoambiwa kwamba nzi ndio waliomletea Didas maradhi, Avelina aligeuka adui wa nzi. Alisugua sakafu kwa majivu, alifunika kila chungu, alipigilia wavu dirishani. Apolinari naye alinunua bomba la mkono la dawa ya wadudu, na kila jioni akitoka kazini, kabla ya kuvua viatu, huzunguka chumba cha kulala akipuliza pembe zote, kimya kimya, midomo imekaza. Huko ndiko kulia kwake. Hakuwa na kulia kwingine.

Sasa Avelina alihangaika na kinyonga kama mfa maji. Alimwekea maji kwenye kisahani; hakuyatazama. Alimwekea punje za wali, unga wa sembe, chembe za yai. Alimdondoshea maziwa mdomoni kwa unyoya wa kuku, akiogopa kumgusa, na maziwa yakateremka shingoni. Rangi ya kijani ikafifia ikawa kama ya tope. Macho yale yanayozunguka kila upande yakaanza kufumba mchana kweupe. Na kule chumbani Jovina naye alikuwa amefumba yake.

"Kula basi," Avelina alimwambia kinyonga, na alijua kabisa ni kichaa. "Nakuomba. Nimekukosea nini?"

Kazi za nyumba hazimngoji mwenye msiba. Shati jeupe la Apolinari lilitaka pasi, mkaa ulikwisha kushika ndani ya pasi, na Avelina akatandika blanketi mezani, akajaza maji kinywani, akayapuliza juu ya shati kama wanavyofanya wapiga pasi wote. Manyunyu mengine yakaruka mpaka kwenye tawi la mpera. Akainua pasi, kisha akaiweka chini. Kinyonga alikuwa amefumbua macho. Alisogea, akayumba, akainamisha kichwa kwenye jani, akawa anayanywa matone moja baada ya jingine.

Kumbe maskini hajui maji ya kisahani! Anajua mvua tu. Avelina alipuliza tena na tena mpaka mashavu yakamuuma, anacheka na machozi yanamtoka, na shati likasahaulika.

Kiu ikaisha, njaa ikabaki. Alasiri ile inzi mmoja mdogo, aliyepenya sijui wapi, alitua kwenye ukingo wa dirisha. Kinyonga akageuza jicho moja, kisha la pili. Ulimi ukachomoka, na inzi hakuwapo tena.

Avelina alisimama pale pale. Alikuwa ameelewa, na alitamani asingeelewa. Kinyonga anataka nzi. Hao hao waliomuua Didas ndio wa kumponya Jovina.

Alipambana na nafsi yake mpaka jua likapinda. Mwishowe alichukua ndizi zilizoiva kupita kiasi, akazimenya, akaziweka ndani ya kibuyu kilichovunjika nyuma ya kopo, akalegeza pembe moja ya wavu. Kila kidole chake kilikataa kazi ile. Siku mbili baadaye vijinzi vya ndizi, vile vidogo kama chembe za ulezi, vilikuwa vikielea juu ya kibuyu, na kinyonga alikuwa akividaka kwa zamu. Ukijani ukamrudia. Jovina alitoka kitandani, akakaa mbele yake na bakuli la uji, wakala pamoja. Avelina aliwatazama na hakuthubutu kufurahi kwa sauti.

Avelina hakumwambia Apolinari. Hapo ndipo alipokosea tena, maana mtu aliyeficha jambo moja likampita salama huona kuficha ni dawa ya kila kitu. Jioni alikisogeza kibuyu chini ya meza na kukifunika, asubuhi akakirudisha. Alisahau tu kwamba Jumamosi makarani hutoka mapema.

Avelina alikuwa kisimani. Jovina alikuwa amelala chumbani. Avelina aliposikia bomba likisukumwa, ndoo ilimponyoka.

"Baba Didas! Acha!"

Alimkuta mumewe katikati ya sebule, koti bado mwilini, anasukuma bomba juu ya kibuyu, juu ya meza, juu ya tawi, kila mahali, jasho linamtiririka.

"Nzi, Avelina! Ndani ya nyumba yangu! Unafuga nzi? Hukutosheka na mtoto mmoja?"

Neno hilo lilimtoka na likawasimamisha wote wawili. Kisha wakasikia kitu chepesi kikianguka mezani.

Avelina alimwosha kinyonga kwa maji ya kinywa, akampepea kwa kanga, akamsugua kifua kwa ncha ya kidole. Mkono uliokuwa ukiogopa kumgusa sasa haukutaka kumwachia. Mkia ule wa kujikunja ulijikunja mara moja kwenye kidole chake, ukalegea. Akawa mweusi tii.

"Akiamka akamkosa huyu," Avelina alisema, "hatakula tena. Unasikia? Umemuua na wa pili."

Apolinari aliweka bomba chini. Akauliza tu, "Mtoto alimtoa wapi?"

Wakaenda kwenye ua wa michongoma. Kinyonga huzaa watoto wengi kwa mpigo. Alikozaliwa mmoja hawakosi ndugu. Walitambaa kwa magoti, karani na shati lake la pasi na mkewe, wakifunua majani, miiba ikiwachana mikono. Bi Mauwa alitoka, akawaona, akafungua mdomo kusema neno. Akaona nyuso zao, akaufunga. Kisha, akiwa palepale mbali, akanyoosha kidole.

"Pale. Juu ya bega lako, Baba Didas. Pale kwenye kijiti."

Alikuwa wa kimo kile kile, kijani kile kile. Avelina alimchukua kwa mkono mtupu, akamkimbiza ndani, akampandisha kwenye tawi jipya, akafungua madirisha yote harufu itoke. Alikuwa bado anahema Jovina alipotokea mlangoni akifikicha macho.

Mtoto alisogea mpaka mezani. Akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu siye," alisema.

Akawageukia wazazi wake.

"Didas kasafiri tena?"

Jibu lilikuwa tayari, limekaa kwenye ulimi wa Avelina, tamu na jepesi. Ndiyo, amesafiri, atarudi. Akamtazama mumewe, Apolinari alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, hatimaye analia. Avelina akapiga magoti, akaishika mikono myembamba ya binti yake.

"Hapana, mwanangu. Hakusafiri. Amekufa."

"Kinyonga?"

"Kinyonga amekufa leo. Na Didas kaka yako alikufa siku ile tulipokupeleka kwa Bi Mauwa. Tulikudanganya. Mie nilikudanganya."

Kilio cha Jovina kilitoka mbali, kilio cha masika mazima, na Bi Mauwa aliyeapa kutokanyaga akajikuta ameingia na viatu vyake. Walilia wote, hakuna aliyembembeleza mwenzake. Jua lilikuwa linashuka walipoanza kunyamaza.

Kinyonga mgeni alikuwa ametulia kwenye tawi, kinywa wazi.

"Ana kiu," Jovina alisema kwa sauti iliyokauka.

Avelina alichukua kikombe akajaza maji kinywani, lakini midomo ilimcheza na maji yakamwagikia kidevuni. Jovina akakichukua kikombe mikononi mwake. Akapiga funda kubwa, akajaribu kupuliza kama alivyomwona mama yake. Nusu ikanyunyiza jani, na nusu iliyobaki akaimeza.