Mara Elfu Moja Mia Tatu na Saba

Kule Kisumu Ndogo, Kibera, ukitaka kujua nani ameachwa, nani ameokoka na nani amenunua kochi ambalo haliingii mlangoni, hukuwa na haja ya kwenda kwa chifu. Ulienda kwa kibanda cha Murunga, ukijifanya unataka kujaziwa nyimbo kwa flash. Nyimbo ziliingia dakika tano. Habari zilichukua saa nzima.

Murunga alikuwa na nyimbo elfu sita na ushee kwenye kompyuta yake, na kila wimbo alikuwa ameupa nyota kwa mkono wake, miaka saba ya kupiga muziki, sherehe baada ya sherehe. Nyota tano: watu husimama hata wenye sahani. Nne: hupiga meza. Tatu: huongea juu yake. Mbili: huenda msalani. Moja: Nafuna, mkewe, aliyeuza omena pale mlangoni, huinua kichwa na kuuliza, "Nani amekufa?" Kando ya nyota, programu ilihesabu wimbo umechezwa mara ngapi, na haikuhesabu mpaka wimbo ufike mwisho.

Watu walimwita Sikio. Ati anasikia watu wanataka nini kabla hawajafungua mdomo. Murunga aliitika jina hilo bila aibu, lakini moyoni alijua ukweli: masikio yake hayakuwa na kazi kubwa kuliko kushikilia miwani. Nyota ndizo zilizosikia. Mnyang'anye nyota, angewapigia wafiwa nyimbo za harusi huku akikenua meno.

Basi wiki moja Eddah wa Kawangware, aliyekuwa anafungua hoteli Jumamosi mchana, alikuwa amemwambia, "Ukinijazia nyumba siku ya kwanza, kila Jumamosi ni yako." Murunga alikuwa ameitangaza habari hiyo mpaka kijiji cha Raila, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Jumatano, Jentrix msusi alikuja kuchukua nyimbo za injili, akachungulia kioo cha kompyuta, akaangua kicheko.

"Sikio, hii ni nini? 'Mpya.' 'Mpya Mpya.' 'Mpya Kabisa.' 'Mpya ya Juzi.' Hata sanduku la nguo za mtoto limepangwa kuliko hii!"

Wateja wote wakacheka. Murunga naye akacheka, kisha alipobaki peke yake akaona haya kama mtu aliyefumaniwa na soksi yenye tundu. Akaketi kupanga folda upya kama makabati. Rhumba hapa, benga pale, injili kule, za kwaya kando. Alihamisha nyimbo zote kwa mkono, bila kupitia ile programu, akijipongeza kila faili lilipoingia mahali pake.

Alipofungua programu, kila wimbo ulikuwa na alama ya mshangao. Programu, maskini, ilikuwa inajua nyimbo kwa makazi yake ya zamani. Ilienda kubisha, ikakuta zimehama. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Murunga alisema, "Hizi ni takataka," akafuta orodha yote, akaziingiza nyimbo upya kutoka kwa makabati yake mazuri.

Zikaingia zote. Bila nyota hata moja. Zimechezwa mara: sifuri, sifuri, sifuri.

"Baba Vincent," Nafuna akasema kutoka mlangoni, "mbona umenyamaza? Wewe ukinyamaza mimi huogopa."

"Nimepanga nyimbo."

"Ehe?"

"Zimepangika."

Usiku huo alijaribu kuziwekea nyota upya kwa kumbukumbu. Alifika wimbo wa kumi na nne, akagundua hakumbuki kama ule ulisimamisha watu au uliwapeleka msalani. Sikio lenyewe hilo.

Palikuwa na tumaini moja tu, nalo lilikuwa na jina: Mutinda. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta Kawangware, Mkamba mpole asiyependa maneno mengi. Desemba alimtengenezea Murunga kompyuta, na badala ya asante, Murunga alirudi Kibera akaeneza kwamba Mutinda huiba nyimbo za watu kabla ya kutengeneza mashine. Hakuwa na ushahidi. Habari ilikuwa tamu tu, na siku hiyo kibanda kilikuwa kimejaa.

Alhamisi asubuhi Murunga alitoka Kibera, akavuka Ngong Road, akashuka Kawangware kwa miguu, kompyuta mgongoni, njia nzima akiomba Mungu kwamba uongo wake uwe kweli. Bwana, na awe mwizi. Na awe aliiba zote, pamoja na nyota zake.

Mutinda alikuwa ameinamia mashine. Kwenye benchi walikaa wateja wawili wakingoja simu zao, na wa tatu alikuwa Eddah mwenyewe, maana hoteli yake ilitazamana na kibanda cha Mutinda.

"Niaje, Mutinda."

"Poa. Umekuja kukamata mwizi?"

Benchi likageuka lote. Murunga alijua mgeuko huo. Kwake ndio ulikuwa chakula. Sasa yeye ndiye alikuwa kwenye sahani.

"Ile story... niliisema kwa upendo."

"Upendo gani huo unafika mpaka kwa mama mkwe wangu Machakos?"

"Ilifika Machakos?" Murunga akauliza, na kwa aibu yake akajisikia akijivuna kidogo.

"Sema mbele ya hawa watu. Mutinda si mwizi."

"Mutinda si mwizi."

"Na mdomo wako je?"

"Na mdomo wangu ni debe. Sasa kaka, tafadhali, sema uliziiba."

Mutinda akatikisa kichwa, akavuta droo, akatoa diski. Alieleza polepole kwamba hafungui mashine ya mtu kabla ya kuweka nakala: nyimbo zilivyokuwa, na lile faili la programu linaloshika nyota na hesabu. Siku nyingine, alisema, Murunga anakili faili hilo kwanza, halafu ahamishe nyimbo ndani ya programu, ili programu nayo ijue zimehamia wapi. "Ukihama nyumba si unamwambia anayekuletea maji?"

Akairudisha nakala kwenye kompyuta ya Murunga. Nyota zikatokea, kwa maelfu. Murunga akataka kulia. Kisha Mutinda, ili kuhakikisha hesabu zimerudi, akabonyeza orodha ijipange kuanzia wimbo uliochezwa zaidi.

Juu kabisa, nyota tano: "Nafuna Fungua Mlango." Mwimbaji: Murunga. Umechezwa mara 1,307.

Aliurekodi mwaka ule alipodhani yeye ni msanii. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuuomba. Mara zote elfu moja mia tatu na saba, msikilizaji alikuwa mmoja, na alikuwa amevaa miwani.

"Haki!" Eddah akasogea. "Huu ndio watu wa Kibera wanapenda hivi?"

Hapo ndipo mtu angesema kweli. Benchi lilikuwa linamtazama.

"Wanaupenda vibaya," Murunga akasema. "Wananisumbua."

"Basi Jumamosi uanze nao."

Mutinda aliinamia mashine yake, mabega yakimtetemeka.

Jumamosi hoteli ilijaa mpaka watu wakaegemea ukuta. Nafuna alikuja na leso mpya. Murunga akabonyeza. Sauti yake ikatoka kwa spika, nyembamba, ikimwomba mkewe afungue mlango. Wimbo ulikuwa wa dakika sita, na ndani yake kulikuwa na dakika moja na nusu ya kubisha hodi.

Dakika ya pili watu wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Ya tatu, wanaume wawili wakaenda msalani. Ya nne, meza nzima ya karibu na mlango ikachukua mikoba. Eddah alisimama kando ya jiko, mikono kifuani.

"Si afungue tu huyo mama!" mtu akapaza sauti.

"Nilifungua kitambo!" Nafuna akajibu. "Aliendelea kubisha!"

Nyumba ikacheka, lakini ile meza ilikuwa imeshasimama. Imebaki dakika moja. Dakika moja tu, na hesabu ingesoma 1,308, na kwa mara ya kwanza maishani wimbo huo ungehesabiwa watu wengine wakiwa chumbani. Kidole cha Murunga kilining'inia. Mwenye mkoba wa kwanza akafika mlangoni.

Akaukata. Akabonyeza rhumba moja ya nyota tano, ya kweli.

Mwenye mkoba akageuka palepale mlangoni, kiuno kikitangulia. Wenye sahani wakasimama nazo. Saa kumi na moja jioni hoteli ilikuwa bado imefurika, na Eddah alipita na jagi la chai akamwinamia Murunga sikioni.

"Jumamosi ijayo uje mapema. Ule wa kwanza uuache Kibera."

Walipokuwa wakikunja waya, Murunga alinakili faili la nyota mara mbili, kisha akautafuta wimbo wake. Bado 1,307. Akavuta pumzi, akautoa kwenye nyota tano, akauweka kwenye mbili. Haki ni haki. Watu walikuwa wameenda msalani.

Nafuna alikuwa akitazama juu ya bega lake.

"Weka tatu, Baba Vincent," akasema. "Waliongea juu yake."