Dozi ya Ndugu Wawili

Nesi wa dirisha la dawa gerezani alikuwa na masharti yake. Ukishakunywa methadoni yako, dawa ya kuachia unga, na maji juu yake, huondoki mpaka umpigie soga kidogo, ajue mdomo ni mtupu. "Mimi na mashavu yenu tunajuana," husema. Walimwita Shangazi.

Asubuhi hiyo mfungwa mmoja, Kinyozi, mwezi wa nane sasa hajagusa unga, alitia yake mdomoni, akatikisa kichwa, akageuka aende zake.

"Wee! Rudi hapa. Leo tumenuniana?"

Kinyozi akageuka, midomo ameifumba. Ukikamatwa na dawa mdomoni unafutwa kwenye tiba, na bila dawa alijijua: wiki haiishi, yuko kulekule. Lakini selo namba tisa mdogo wake, aliyeletwa juzi, alikuwa amejikunja sakafuni, arosto ya kukosa unga inamtesa, anatapika nyongo tupu na kuwaambia watu eti ni malaria.

Shangazi akamtupia jicho askari aliyekuwa akipekua wafungwa wengine, kisha akanong'ona: "Meza, mwanangu. Meza kwanza, tutagombana baadaye."

Akameza. Machozi yakamtoka, mtu mzima na ndevu zake.

"Ilikuwa ya nani?"

"Mdogo wangu. Shangazi, nakuomba, usimwandikishe kwenye dawa. Mama anajua mimi ndiye niliyeharibika. Huyu ndiye wa kujivunia. Akisikia na huyu naye..."

"Kipimo chako tumekipandisha taratibu, miezi hiyo yote. Yeye hajawahi kuonja dawa hii. Ungemnywesha hicho, angelala asiamke tena. Hapo mama ungemwambia nini?"

Kinyozi akashika ukingo wa dirisha. Maskini, tangu jana alikuwa akijiona ndugu mwema kupita wote.

Saa nne, kwa agizo la Shangazi, mdogo mtu akaletwa, ameshikiliwa huku na huku. Daktari akampima, akampa tone la kuanzia. Fomu ilitaka saini ya ndugu wa kumsimamia. Shangazi akauliza kama wasubiri Jumapili, mama akija.

"Lete kalamu," Kinyozi akasema, akaandika jina lake taratibu. Penye uhusiano akaandika: kaka.

"Na mama je?" mdogo wake akauliza, meno yanagongana.

Kinyozi akamfunika blanketi mabegani. "Mama niachie mimi. Nitamwambia wanawe wote wawili wanaumwa, na wote wawili wanatibiwa."