Na Mgongo Je?

"Dada Paring, glovu hii ina tundu."

"Na goti langu lina kutu, mbona niko kazini? Shika hiyo nyingine. Haya, anayefuata!"

Amparo, ambaye wote walimwita Paring, alisukuma glovu kupitia dirisha la stoo bila kuinua uso. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwagawia mafundi wa chelezo cha kutengenezea meli vifaa vyao asubuhi na kuvipokea jioni vikinuka jasho na chuma kilichoungua: kofia ngumu, barakoa za kuchomelea, aproni za ngozi, mikanda ya kupandia juu. Wanaume wengi aliwajua kwa mikono kuliko kwa sura. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu juzi, miguu yake imevimba ndani ya viatu, na siku hiyo hakutaka kitu kingine chochote duniani ila kukaa.

Mkono wa mwisho kwenye foleni ulikuwa wa mumewe.

"Samaki niliyekuachia mezani kaliwa na nani?" akamuuliza.

"Na mimi."

"Muongo. Paka alikuwa anajilamba midomo."

Crisanto akacheka, akavaa mkanda wake namba tisa, akafunga kamba za mapajani na za kifuani, kisha akageuka na kuegemeza mgongo dirishani kama alivyofanya kila asubuhi. Kati ya mabega, chini kidogo ya pete ya chuma ambayo kamba ya kuning'inia hufungwa, palikuwa na skapulari, kile kitambaa kilichobarikiwa ambacho Wakatoliki huvaa shingoni, ya kahawia, ndogo kama kisanduku cha kiberiti, imeshonwa pande zote nne. Amparo akaigusa kwa vidole viwili, akafanya ishara ya msalaba hapo hapo. "Nenda," akasema. Crisanto akaenda zake kwenye meli ya mizigo iliyokuwa imepandishwa chelezoni, kuchomelea mabati ya ubavuni, juu kuliko minazi.

Ndipo Amparo akakaa. Mbele yake ukutani palikuwa na karatasi iliyobandikwa jana na Inhinyero Ompad, mhandisi, binti mgeni aliyeletwa kusimamia usalama. Jana Amparo aliipita karatasi hiyo kama mtu anayempita mdai. Sasa akavaa miwani, akaisoma, maana kulikuwa hakuna la kufanya mpaka saa ya chai. Mstari wa kwanza alikuwa akiujua, wa pili pia. Wa tatu ulisema kwamba mkanda wowote uliotobolewa kwa sindano, au kushonewa kitu chochote, usitumike tena, ukatwe.

Akausoma mara mbili.

Skapulari zile alizishona mwenyewe, miaka miwili iliyopita, baada ya sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Siku hiyo Padre alihubiri juu ya silaha za Mkristo, akawatolea mfano wa mafundi wenyewe: aproni yako ndiyo dirii ya kifuani, kofia yako ndiyo chapeo, barakoa yako ndiyo ngao. Kanisa zima likatikisa kichwa kwa kuridhika. Amparo, ambaye kazi yake ni kuhesabu vifaa, alihesabu na hivyo. Kichwa kina chake, kifua kina chake, miguu ina viatu. Baada ya misa akamfuata Padre mlangoni. "Na mgongo je, Padre? Wanaume wetu wananing'inizwa kwa mgongo." Padre alicheka, akasema swali zuri, atalijibu Jumapili nyingine. Hakulijibu.

Basi akajijibu mwenyewe. Msimamizi Villarin alikuwa amekataza mafundi kuvaa kitu shingoni, kwa sababu cheche ziliyeyusha nyuzi za skapulari na kuwaunguza kifuani. Wake zao wakaja kulia kwa Amparo. Akachukua sindano ya ngozi na uzi mnene, akashona skapulari kumi na moja zilizobarikiwa kwenye mikanda kumi na moja, mishono miwili miwili, isije ikang'oka. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa upendo kama ile.

Na sasa mikanda yote kumi na moja ilikuwa juu.

Alitoka mbio, kama mbio ni neno la kumfaa mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye magoti yale. Chini ya meli akapiga kelele, lakini mashine za kusaga chuma zilimmeza sauti. Crisanto alikuwa kule juu, nukta ya mwanga wa buluu, ameegemea hewani kwa uzito wake wote. Amparo akaona nyundo kubwa imelala kwenye zege. Akaiinua, akaupiga ubavu wa meli mapigo matatu, akatulia, mapigo matatu tena. Hiyo ni alama ya moto, na chelezoni hakuna anayeisikia akabaki alipo.

Mashine zikazima. Wanaume wakateremka ngazi baada ya ngazi, na Amparo akawahesabu, midomo ikicheza. Crisanto alikuwa wa mwisho. Alipokanyaga chini Amparo akaiachia nyundo.

Msimamizi Villarin alifika akitweta. "Moto uko wapi?"

"Hakuna moto, bosi. Kuna mimi."

Akaeleza. Alieleza vibaya, akiruka huku na huku, lakini walielewa.

"Mama, meli hii inaingia majini Jumatatu!" Villarin akasema. "Unanishushia watu wote kwa ajili ya sindano?"

Teban, fundi ambaye hajawahi kuacha neno limpite, akajipapasa mgongoni. "Kwa hiyo Dada Paring, Bikira mwenyewe ndiye anataka kutudondosha?"

"Ni sindano yangu, Teban. Bikira usimtie humo."

Wengine wakacheka. Crisanto hakucheka. Alikuwa akimtazama mkewe kana kwamba ana homa. "Paring, mkanda huu umenibeba miaka miwili," akasema polepole. "Nenda kakae, mama. Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Uvue."

Inhinyero Ompad alikuwa amefika, kofia yake ikingali mpya. Hakumgombeza mtu. "Tuupime," akasema. "Kama utashika, nitamwomba radhi msimamizi mimi mwenyewe."

Wakaufunga mkanda namba tisa kwenye magunia mawili ya mchanga, uzito wa Crisanto akiwa ameshiba. Kreni ikayainua, na kamba ikalegezwa ili yaanguke kimo cha mtu tu kabla ya kukamatwa.

Hayakukamatwa. Ulisikika mlio mfupi kama wa kuchana shuka, magunia yakapasuka kwenye zege na mchanga ukawarukia viatuni. Juu, kwenye ndoano, ilibaki pete na kipande cha mkanda. Ompad akakishusha, akakigeuza. Chini ya kitambaa, mahali ambapo hakuna aliyepaona kwa miaka miwili, jasho lilikuwa limeuozesha utepe wa mkanda ukawa mweusi, na ulikatika kwa kufuata matundu ya sindano.

Villarin alivua kofia, akaivaa tena. "Hakuna kupanda," akasema hatimaye. "Mikanda mipya ije kwanza." Kisha, bila kumtazama: "Paring, kesho upite ofisini."

"Nitapita."

Hofu ilimjia Amparo wakati hatari imeshapita. Alirudi stoo akiwa ameshika ukuta.

Kutwa nzima alikaa na wembe, akifumua. Mkanda unakatwa na kutupwa, lakini kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Huzikwa au huchomwa, ama hurudishwa kwa mwenyewe. Mafundi walipita dirishani mmoja mmoja, na kila mmoja akapewa chake mkononi. Teban alikuja akijidai kutafuta miwani.

"Na yangu?" akanong'ona. "Niiweke wapi sasa?"

"Popote, Teban. Ila usiniletee nikushonee."

Kengele ya jioni ilipolia, Crisanto alikuja dirishani, fulana imemganda mwilini kwa mvua. Amparo akamsukumia skapulari yake. Pembeni ilikuwa na matundu. Crisanto akaitazama, akaitia mfukoni.

"Nilitaka kukuua, Santo," akasema Amparo, na machozi yakamtoka.

"Ulitaka nirudi nyumbani."

Kisha Crisanto, kwa mazoea tu, akageuka na kuegemeza mgongo dirishani. Hapakuwa na mkanda, wala pete, wala kitambaa. Amparo akapitisha mkono, akaweka kiganja chote kati ya mabega yale yaliyolowa. Mgongo ulikuwa wa moto, ukipanda na kushuka. Nje foleni ya kurudisha kofia ilikuwa imeanza kulalamika, na yeye hakuuondoa mkono.