Nafasi ya Fidla

Kitendawili hiki, kaa nacho kidogo: yumo ndani ya kila wimbo, sauti hana, na ukimtoa wimbo wote waanguka. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Pangani, nimekwenda, nimekula samaki wake, nimerudi. Jibu ni kituo, pale mwimbaji anaponyamaza ili mwenzake ajibu. Na kituo hicho ndicho kilichotaka kumtoa Bi Asmahani chumbani kwake, hapo Ngamiani.

Asubuhi hiyo alikuwa uani tangu alipotoka kwenye mswala, ufagio wa chelewa mkononi. Ndivyo alivyotunga nyimbo zake maisha yote. Hakuwahi kukaa kitako akasema sasa natunga. Alifagia, na ufagio ukampa mwendo. Sokoni hakwenda kununua tu. Kila siku alirudi na neno moja kutoka vinywani mwa watu, akalilaza chini ya ulimi hadi kesho. Na chai hakuinywa mpaka neno limezaa mstari.

Neno la jana lilikuwa kisado, kile kindoo cha kupimia. Muuza dagaa mmoja alikuwa akikigombania na mteja.

"Mapenzi ya moyo wangu, hayapimwi kwa kisado," aliimba.

Kisha akanyamaza, urefu ule ule wa mstari, kichwa kimeinama upande wa kushoto. Huko ndiko alikokaa marehemu mumewe, Hatibu, na fidla yake, harusi zote walizopiga pamoja. Fidla iliuzwa wakati wa maradhi. Nafasi yake haikuuzwa.

Bertha, jirani wa chumba cha pili, alikuwa akigeuza maandazi kwenye karai bila kutazama kushoto.

"Mama Asma, mimi Mlutheri," alisema. "Huyo mtu wako akija, asinisalimie."

"Hajawahi kukusalimia. Anaogopa mafuta yako."

Bertha alicheka, lakini alisogeza kigoda chake kidogo upande wa kulia.

Hapo ndipo Sele alipoingia na mwenyekiti wa mtaa. Sele alikuwa mtoto wa mwenye nyumba. Baba yake alipofariki, aligeuza vyumba vya mbele kuwa gesti, na spika ya gesti hiyo ilitikisa mabati hadi wapangaji wa uani wakazoea kulala na pamba masikioni.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Mteja wangu kakimbia alfajiri. Anasema kuna mwanamke huku nyuma anaongea na mtu haonekani. Kaacha hadi ndala zake."

"Si umpelekee."

Mwenyekiti Ayubu alikohoa. Mdomo wake bado uling'aa kwa supu aliyokunywa huko mbele. "Bibie, kuimba si kosa. Mimi nina swali moja tu. Alfajiri unaimba na nani?"

Asmahani aliendelea kufagia.

"Ukisema peke yako, yamekwisha. Unakaa, unaimba, ila hayo manyamazo uyaache, wageni wanaogopa. Ukisema mengine, hayo yatakuwa mambo ya mashetani, na mtaa hauwezi kulea mashetani kando ya biashara ya watu. Itabidi uhame."

"Na spika ya Sele je?" Bertha aliuliza.

"Spika ina kibali."

"Kumbe shetani naye akate kibali tu."

"Wewe kaanga maandazi yako," Sele alisema.

Mwenyekiti aliahidi kurudi baada ya alasiri achukue jibu. Wakaondoka.

Kesho yake kulikuwa na harusi Pongwe, na mama wa bibi harusi alitaka wimbo mpya, si ule walioimbiwa wengine. Asmahani alikuwa na mstari mmoja tu. Akachukua tena ufagio, akafagia ua uliokwisha fagiwa, safari hii bila kunyamaza popote. Mstari, mstari, mstari. Maneno yalitoka yamebanana kama nguo zilizosukumwa sandukuni. Na kila alipoiziba ile nafasi, alihisi kama amemkanyaga mtu mguu, hata mara moja akajisikia akisema, "Samahani."

Bertha alisikia. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie nyumba ile, akageuka kutazama kushoto. Hakukuwa na kitu, ila ukuta na kamba ya kuanikia nguo.

Asmahani akaenda sokoni kutafuta neno jingine. Hakulipata. Muuza mchele alisema umepanda, muuza mafuta alisema yamepanda, na waliokuwa na mizaha siku zote walikuwa wakipunga nzi wamenuna. Alirudi mikono mitupu. Chai yake ilikuwa imepoa pale pale alipoiacha, imefanya utando juu.

"Sema 'peke yangu'," Bertha alimwambia. Hakuwa akitania tena. "Ni neno dogo, mama. Mtu husema lolote apate pa kulala."

"Na yeye alale wapi?"

Bertha akaanza kufuta karai ambalo lilikuwa safi.

Baada ya alasiri mwenyekiti alirudi. Sele alikuwa ametangulia na fundi, na futi ya kupimia ilikuwa imenyooshwa kwenye mlango wa Asmahani, upande huu hadi ule. Fundi alimwamkia kwa aibu.

"Sele," Asmahani alisema, "nikijibu kwamba naimba peke yangu, si nakaa? Sasa hiyo futi ya nini?"

Sele aliitazama simu yake. "Ni maandalizi tu, bi mkubwa."

"Maandalizi ya nini?"

Mwenyekiti naye aliiona futi, akaitazama kidogo, kisha akatazama juu kwenye mabati kama mtu anayekagua mvua. "Tusipotezeane muda," alisema. "Swali nililiuliza asubuhi. Unaimba na nani?"

Asmahani aliinamisha kichwa upande wa kushoto. Akangoja urefu wa mstari mzima, nao wakangoja wakiwa wamesimama, hata fundi aliyeshika futi.

"Na mume wangu, Hatibu," akasema. "Chumba hiki alikipanga yeye. Anayetaka kutuhamisha, aanze kumwambia yeye."