Kiti cha Nyuma

Mwanamume anayetaka kuacha pikipiki nzuri achukue mbaya ana jambo. Hilo nililijua siku ileile Yahaya alipoanza kuisema vibaya pikipiki yake.

Tulikuwa tunakaa Kondoa mjini, mwaka wa tisini na nne, siku zile za ruksa, kila mwenye nguvu ananunua mazao na kuyauza apendako. Mume wangu alikuwa mnunuzi wa mbaazi na alizeti. Alizunguka vijijini kwa pikipiki, akayaona mazao, akapatana na wakulima, kisha akashuka Dodoma kuwaonyesha wenye malori sampuli. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, nyeusi, kubwa, iliyoachwa na mzungu mmoja wa mradi wa visima mkataba wake ulipokwisha. Tuliiita Mjerumani. Tangi lake lilikuwa pana kama beseni la kufulia. Ukilijaza Kondoa unafika Dodoma na kurudi bila kumsumbua mtu. Nyuma haikuwa na kiti. Yule mzungu alikuwa amekiondoa na kufunga sanduku la bati lenye kufuli, na humo Yahaya alitia sampuli, spana, koti la mvua, na mara nyingine kuku wangu wa kumpelekea dada. Niliishi na wawili hao, mume na Mjerumani wake, miaka yote bila kulalamika.

Basi jioni moja tumemaliza kula, akaniambia, "Mama Naima, Mjerumani amechoka."

"Amechoka nini?"

"Amechoka tu. Kuna pikipiki Dodoma, ya Kijapani, imepitia Dubai. Nyekundu. Imetembea kidogo sana."

Mimi si fundi, lakini nimelala nyumba moja na pikipiki, najua maswali ya kuuliza. Nikamuuliza tangi lake likoje. Akasema dogo, nusu ya lile. Nikamuuliza nguvu. Akasema inatosha, na mtu akisema inatosha ujue ni ndogo. Sanduku? Haina. Ile milima ya Kolo itaipanda na mzigo? Akasema itapanda polepole.

"Sasa ina nini?" nikasema. "Maana mpaka hapa unaniuzia hasara."

"Inawaka kwa kitufe, huipigi teke. Halafu iko chini, kuipanda si kazi." Akasogeza sahani yake. "Na ina kiti kirefu."

"Kiti kirefu cha nani?"

"Cha abiria."

"Abiria gani, Baba Naima? Umekuwa basi?"

Akacheka, lakini hakikuwa kicheko chake. Nikaondoa sahani.

Tangu siku hiyo nikaanza kuangalia, na ukianza kuangalia unaona. Yahaya niliyemzoea aliondoka baada ya sala ya alfajiri na kurudi siku hiyohiyo, hata giza likimkuta njiani. Sasa akawa anangoja jua lipande ndipo aondoke, na akifika Dodoma analala hukohuko. Alinunua miwani myeusi, akawa haivui hata ndani ya nyumba. Mtu mzima, mvi zimeanza kidevuni, anavaa miwani mezani kama mpiga gitaa! Nikimwambia aivue anasema jua linamuumiza. Jua lipi, tuko chini ya paa?

Kisha nikapata kibano. Nilikuwa nafua koti lake, nikakisikia mfukoni, kidogo, cha chuma, kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Kwenye ncha yake vilikuwa vimenasa vinywele viwili vitatu, vifupi na vyeusi. Nikampelekea jirani yangu Batuli, ambaye hana dogo.

"Hiki cha kutindia nyusi," Batuli akasema, akikigeuza. "Chako?"

"Mimi nyusi nilitinda siku ya harusi."

"Basi cha mwenzako."

Mwenzako. Alilisema taratibu, na lilinichoma. Kwetu mwenzako anaweza kuwa rafiki yako, lakini jirani akikwambia vile huku ameshika kitu cha mumeo, ni mke mwenzako. Nikakirudisha kibano mfukoni kama nilivyokikuta, nisimshtue.

Sitaki kujifanya mwema. Dini inamruhusu mume wangu kuoa wa pili, na wapo wanawake wanaopokea habari hiyo kwa adabu. Mimi sikuwa mmoja wao. Nilimpenda Yahaya, tena vibaya, na niliogopa kumpoteza hata nikawa siwezi kumuuliza, maana akijibu ndiyo, ningefanya nini? Nikaona heri nimkamate kwanza, nilie baadaye.

"Siku ya kwenda kuiona hiyo nyekundu nakuja," nikamwambia.

"Mjerumani hana pa kukupakia."

"Barabara ina mabasi."

Akakubali shingo upande. Siku yenyewe akatangulia na pikipiki, mimi nikapanda basi lililoondoka baadaye. Tulipovuka Kelema tukamkuta mbele yetu. Anakwenda polepole, katikati ya barabara, kama mtu anayefuata jeneza. Dereva akapiga honi. Yahaya hakusogea. Akapiga tena, akapiga ya tatu, ndipo Mjerumani akayumba kushoto, akaingia mpaka kwenye mchanga wa pembeni. Abiria wakamtukana dirishani. Mimi nikatazama magoti yangu kama simjui. Nilidhani ana mawazo, na nilidhani najua ni mawazo ya nani.

Nilimngoja Msalato, mji wa Dodoma unapoanzia, tukaingia naye mtaa wa Area D, yeye na pikipiki yake, mimi na teksi. Mwenye pikipiki nyekundu alikuwa karani wa serikali anayeitwa Fabian, kijana mchangamfu, suruali imepigwa pasi, maneno mengi. Akazisimamisha pikipiki mbili bega kwa bega uani, akaanza kusifu.

"Hii ya zamani ni chuma, mzee, siikatai," akamwambia Yahaya. "Lakini spea zake utazipata wapi? Hii mpya kila duka wanazo. Mafuta inanusa tu, hainywi. Breki ya mbele ukigusa umesimama."

Maneno yake yote yalikuwa kweli, na hayakunigusa. Nilizunguka zile pikipiki nikizilinganisha kwa macho yangu mwenyewe. Mjerumani alikuwa na mikwaruzo ya miiba ubavuni, bati la sanduku limebonyea, kiti chake kimoja kimekaa umbo la makalio ya mume wangu. Ile nyekundu iling'aa, kiti chake kirefu, laini, nyuma kina chuma cha kushikilia, chini kina vikanyagio viwili vya abiria. Nikakikalia. Kilikuwa kizuri, kwa kweli. Mwanamke angekaa pale raha mstarehe, mikono imezunguka tumbo la mwendeshaji.

Ndipo akatoka ndani dada yake Fabian, Elieth, msichana wa chuo, mrefu, amebeba trei ya chai. Nyusi zake zimetindwa zikawa nyembamba kama uzi. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo. Karibu, bi mkubwa."

Sikuitikia. Bi mkubwa! Najua, mjini ni neno la heshima, mtu humwita hivyo hata mama yake. Lakini mimi siku ile nilisikia la Kondoa, ambako bi mkubwa ni yule aliyetangulia kuolewa, na hakuna mkubwa pasipo mdogo. Nikamtazama nyusi, nikamtazama mume wangu. Yahaya alikuwa amekaa kivulini barazani, miwani usoni.

"Elieth, mpe mzee ufunguo aiwashe mwenyewe," Fabian akasema.

Msichana akaweka trei mezani, akauchukua ufunguo, akamnyooshea. Yahaya akanyoosha mkono. Hakuugusa ufunguo. Alimshika yule msichana kifundo cha mkono, akakishikilia, kisha vidole vyake vikateleza taratibu kiganjani mwake mpaka vikaukuta. Mbele yangu!

"Alaa!" nikaruka kutoka kwenye kiti. "Hata aibu huna! Unampapasa hapahapa na mimi natazama?"

"Mama Naima..."

"Na wewe binti! Bi mkubwa wa nani? Nikiwa mimi mkubwa, mdogo ni nani? Sema!"

Elieth alirudi nyuma, macho yamemtoka. "Mama, nimekuheshimu tu. Mzee mwenyewe leo ndiyo mara ya kwanza namwona."

"Kibano chako hukukisahau kwenye koti lake?"

"Kibano gani?"

Fabian akaweka mikono kichwani. Nilikuwa nimeshaanza, na nikianza sisimami. Nikapiga kile kiti chekundu kwa kiganja, nikamgeukia Yahaya. "Nijibu moja tu niende zangu. Nani atakaa hapa nyuma?"

"Mimi," akasema.

Nikadhani ananidhihaki.

"Mimi ndiye nitakaa nyuma, Zaitun. Ndiyo maana nataka yenye kiti. Mwingine ataendesha."

Akavua miwani. Sikuwa nimemwona bila miwani mchana kweupe kwa muda mrefu. Jicho la kulia lilikuwa na utando mweupe katikati. La kushoto lilikuwa jekundu, linatiririka, kingo zake zimekunjamana, na kope hazipo, isipokuwa chache zilizokuwa zinachipua upya zikielekea ndani. Vikope. Ugonjwa huo tunaujua wote upande wetu, tumewaona wazee wakishikwa mkono kwenda msikitini. Kope zinageuka, zinachoma jicho, mtu anazing'oa kwa kibano, zinaota tena, anazing'oa tena.

"La kulia limekwisha," akasema. "La kushoto naona kidogo jua likiwa juu. Kivulini sioni. Huyu binti sikumwona mkono, nilikuwa nautafuta ufunguo."

Nilikaa chini kwenye baraza. Kwanza nilifurahi, sitadanganya. Hakuna mwanamke mwingine! Furaha ile ikanijaa, halafu papo hapo nikakumbuka lile basi, honi tatu, na Mjerumani akiyumba kwenye mchanga.

"Leo umekujaje?" nikamuuliza.

"Njia naijua."

"Honi hukuisikia?"

"Niliisikia. Sikujua pembeni ni wapi."

Elieth alikuwa analia. Fabian alisema ana rafiki hospitali, wapo wanaopasua kope na kuzirudisha nje, jicho lililobaki linaweza kuokolewa likiwahiwa. Nikamwambia asante, kesho atatupeleka, pikipiki yake ingoje. Kisha nikamgeukia mume wangu, hasira imerudi, maana ndiyo niliyoizoea.

"Wakulima umewaficha, sawa, wangekuuzia mchanga. Mimi ulinificha nini?"

Alikuwa anaigeuzageuza miwani mikononi. "Baba alipopofuka, mama alirudi kwao Haubi."

"Uliniambia alikwenda kumuuguza bibi yako."

"Ndivyo tulivyowaambia watu. Alisema anakwenda siku chache. Na mama yangu alikuwa mpole, Mama Naima. Hakuwa na hasira zako. Nikasema, kama yule aliondoka..."

Miezi yote ile nilikuwa namchunguza akiondoka, anakwenda kwa nani. Kumbe naye alikuwa ananisikiliza mimi, nikifungua sanduku la nguo, nikisema nakwenda kwa dada, anajiuliza kama narudi. Nilitaka kumwambia hayo yote, nikashindwa. Nikachukua ufunguo wa Mjerumani kwenye meza na kuutia kifuani. Kisha nikainuka nikavuka ua kwenda getini, ambako nilikuwa nimeutupa mkoba wangu wakati wa kuingia kwa ghadhabu.

Changarawe zililia chini ya viatu vyangu. Nikainua komeo lililokuwa limebana mkanda wa mkoba, na lile geti la bati likafanya kelele.

"Mama Naima?" Yahaya akaita.

Nilikuwa nahangaika na mkanda, sikujibu mara moja. Akasimama. Akapiga hatua mbili kutoka barazani, mikono mbele, uso ameuelekeza upande ambao sikuwapo.

"Zaitun!" akaita tena kwa sauti, mbele ya wenyeji wale, mtu ambaye maishani hajawahi kupaza sauti yake mbele za watu. "Zaitun, umekwenda?"

Nikauacha mkoba, nikakimbia.

"Niko hapa," nikamwambia. "Geuka huku. Niko hapa."