Upande wa Injini

Mutie alirudi Ikutha na begi begani na uongo mdomoni.

"Likizo, mwaitu," alimwambia mama yake hata kabla ya kuketi. "Kampuni imenipa likizo. Ndefu kidogo."

Mama yake, Nduku, akamtazama kuanzia viatu mpaka masikio. "Naona wamekupunguza huko."

Moyo wa Mutie ukaruka kama mbuzi aliyeona kisu. Neno hilohilo ndilo alilotumia meneja asubuhi ile alipopanda juu ya kreti katika kiwanda cha magari, akasema soko limekuwa baya na kampuni imelazimika kupunguza wafanyakazi. Kabla ya chai ya saa nne nusu ya kiwanda ilikuwa nje ya geti, imeshika maovaroli mkononi.

"Kunipunguza vipi?" akauliza.

"Mashavu. Yako wapi? Kaa hapo nikupakulie muthokoi."

Mutie akapumua. Hakuwa mwongo kwa tabia, lakini mama yake alikuwa na presha, na daktari alikuwa ameonya kwamba asishtuliwe. Tena Nduku hakuwa mtu wa kujivuna kidogo. Wakati wa ushuhuda kanisani alisimama kumshukuru Mungu kwa mwanawe anayetengeneza magari. "Si kurekebisha yaliyoharibika kama mafundi wa hapa," alieleza. "Wangu anaanza gari likiwa halipo mpaka linakuwepo. Kama Mwanzo sura ya kwanza." Pasta Kitheka alilazimika kukohoa. Sasa mama kama huyo umwambie nini? Mutie aliogopa kumuua kwa sentensi moja.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwa miaka tisa kiwandani, Mutie alifunga mlango wa mbele wa kushoto. Basi. Gari linafika, anafunga mlango, gari linakwenda. Mlango wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine. Injini aliiona kama watu wanavyomwona gavana: ikipita.

Ili likizo ifanane na likizo, kila asubuhi alipanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya boma, penye mtandao mzuri, akaweka simu sikioni na kupaza sauti. "Ndiyo bosi! Hapana bosi, hao wengine wasiguse kitu mpaka nirudi!" Siku moja, katikati ya maagizo hayo, simu ikamlilia sikioni. Alikuwa mama yake, amesimama mlangoni mwa jikoni, anamwita aje ale.

"Kumbe unaweza kuongea na huku inalia?" akauliza Nduku.

"Ni... ni laini ya pili, mwaitu."

"Teknolojia," akasema mama, akamwongezea muthokoi.

Alimwongezea asubuhi, akamwongezea mchana. Wiki ya tatu suruali ya Mutie ilifungwa kwa msaada wa Mungu.

Jumapili moja, baada ya ibada, akina mama walikuwa waende Kambu kuimba kwenye mkutano wa injili. Pasta Kitheka akapiga funguo ya pikapu yake. Pikapu ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena. Hata kukohoa haikukohoa.

"Pasta, unahangaika nini?" sauti ya Nduku ikapita juu ya vichwa vyote. "Si mtengeneza magari yuko hapa?"

Watu wakamfungulia Mutie njia. Akaisogelea pikapu kwa hatua za bwana harusi asiyetaka. Akainua boneti. Akatazama ndani. Ndani kukamtazama. Akaifunga taratibu, akazunguka upande wa kushoto, na hapo akaona neema: mlango wa mbele ulikuwa umening'inia, umefungwa kwa kamba ya katani tangu uchaguzi uliopita.

"Tatizo linaanzia hapa," akatangaza.

Akaomba spana na bisibisi. Mikono yake ikafurahi. Baada ya muda mfupi mlango ulifunguka na kujifunga kwa sauti laini kama ya kitabu. Watu wakapiga makofi. Pasta akapiga funguo. Kimya.

"Labda usukani," akasema mtu kwa sauti ya chini.

Alikuwa Kilonzo wa Kambu, aliyekuja kuwasalimia wakwe zake. Mutie alikuwa amemwona tangu wimbo wa kwanza, naye Kilonzo akamwona, na ibada nzima kila mmoja alisoma Biblia kwa bidii isiyo ya kawaida. Kiwandani, Kilonzo alifunga usukani.

"Na wewe uko huku?" Mutie akanong'ona.

"Likizo," Kilonzo akanong'ona. "Wewe?"

"Likizo."

Kilonzo akakaza usukani uliokuwa ukicheza kama jino la mtoto. Sasa pikapu ilikuwa na mlango wa ajabu na usukani wa ajabu, na ilikuwa haiendi popote. Jasho likamtiririka Mutie. Akina mama walianza kutazamana.

Nduku akapanda ngazi ya kanisa, akashika kiuno.

"Jamani," akaita, "hakuna mtu aliye likizo kutoka upande wa injini?"

Watu wakageuza shingo huku na huku. Kisha, katikati ya kwaya, mkono ukainuka polepole, na nyuma yake uso wa aibu wa Muthoki, binti aliyesema amekuja kumsaidia shangazi yake kuvuna pojo.

"Mimi nilikuwa nafunga paipu za mafuta," akasema. "Nyingine sijui."

Bahati ilikuwa yake siku hiyo, maana paipu ndiyo iliyokuwa imechomoka. Akaisukuma, akaikaza. Pasta akapiga funguo, na pikapu ikanguruma mpaka kuku wakatawanyika.

Katika shangwe ile Mutie alisogea kwa mama yake. "Mwaitu... ulijua?"

"Redio ilisema siku ileile, kabla hujashuka stendi. Wamepunguza wafanyakazi, ikasema. Na mimi nilikwambia ulipoingia, si nilikwambia? Nikangoja uniambie na wewe. Nikangoja. Unafikiri muthokoi yote ile ilikuwa ya nini?"

"Niliogopa presha yako."

"Presha yangu ilipanda ile siku ya simu, nikijizuia kucheka." Akamshika shavu, akalipima kwa vidole. "Wao wakupunguze, mimi nakuongeza. Tutaona nani atachoka kwanza."

Akaingia kiti cha mbele, upande wa kushoto, akavuta mlango. Ukajifunga bila kelele. Akaufungua, akaufunga tena, ili kila mtu asikie jinsi usivyosikika.

"Panda nyuma na wenzako," akamwambia kupitia dirishani. "Kambu leo nina ushuhuda mpya."

"Utasema nini, mwaitu?"

"Kwamba mwanangu hutengeneza mlango wa kushoto," akasema Nduku. "Wa mbele."